Mafiga Matatu, Chungu Kimoja





Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa parokia yetu alinisubiri mlangoni pa sakristia akiwa ameshika kikapu. Watu walipopungua alikiweka juu ya meza na kutoa vilivyomo kimoja kimoja: pakiti mbili za vidonge kutoka hospitali, chupa ya maji ya baraka, kichupa cha mafuta aliyopewa katika kikundi cha maombi, na karatasi iliyofungiwa unga mweusi kutoka kwa mganga wa kienyeji. Kisha akasema: "Padre, vyote hivi ni vya binti yangu. Kila aliyenipa kimoja alinikataza vya wenzake. Daktari anasema asiache vidonge. Watu wa maombi wanasema vidonge ni ukosefu wa imani. Mganga anasema asiingie kanisani kwa siku saba. Nishike lipi, Padre? Nimechoka."

Nimepata ruhusa yake na ya binti yake kulisimulia jambo hili, nami nimebadili mambo kadhaa ili wasitambulike. Nalisimulia kwa sababu swali la mama huyu si lake peke yake. Nimelisikia kwa sauti mbalimbali katika miaka yangu yote ya upadre, na si kila mara nimelijibu vema.

Binti mwenyewe ana miaka ishirini na kitu. Ana akili, ana sauti nzuri, na anapokuwa na furaha nyumba nzima huangaza. Lakini Jumatatu anaweza kumwita rafiki yake malaika, na Jumatano akamwita adui, kwa sababu tu simu yake haikujibiwa. Akihisi kwamba ataachwa, hulia, hutukana, huomba radhi, kisha hutukana tena. Husema kwamba ndani yake pana shimo lisilojaa. Na mara kadhaa, katika usiku wa namna hiyo, amejijeruhi mwenyewe. Majirani wanamwita msumbufu. Shangazi zake wanasema ana kiburi na anapenda kutazamwa. Kuna waliokwisha kutamka kwamba ana pepo. Daktari wa magonjwa ya akili, baada ya kumsikiliza mara nyingi, ameupa ugonjwa huo jina jingine: tatizo la haiba ya mpakani.

Jina hilo ni geni masikioni mwetu, hivyo nilieleze kidogo. Mwaka 1938 daktari Adolph Stern wa New York aliandika juu ya wagonjwa ambao hawakuingia katika makundi yaliyojulikana wakati huo. Hawakuwa wamepotewa na uhalisia kama wale wenye wazimu, wala hawakupata nafuu kama wale wenye wasiwasi wa kawaida. Walionekana kukaa mpakani mwa makundi hayo mawili, na ndipo lilipotoka neno hilo. Mwaka 1980 ugonjwa huu uliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Mwongozo wao wa leo unataja dalili tisa, na mtu akiwa na tano kati ya hizo kwa muda mrefu ndipo hutajwa kuwa na ugonjwa huu: hofu kuu ya kuachwa, mahusiano yanayopanda na kushuka, kutojijua mwenyewe ni nani, kutenda kwa pupa, kujijeruhi au kutishia kujiua, hisia zinazogeukageuka, utupu wa ndani, hasira isiyozuilika, na dhana mbaya juu ya watu au kujihisi kama hayupo nyakati za msongo. Unawapata wanawake na wanaume pia.

Chanzo chake si kimoja. Wapo wanaozaliwa na moyo mwepesi kuumia na mzito kupoa. Mtoto wa namna hiyo akikulia mahali anapodhalilishwa, au hata mahali ambapo kila akilia huambiwa tu kwamba hana sababu ya kulia, hujifunza kwamba maumivu yake hayatasikika mpaka apige kelele kubwa. Si kila mgonjwa alitendewa ukatili, na hatuna haki ya kuwahukumu wazazi. Lakini tunapaswa kuelewa kwamba mtu huyu ni kama aliyeungua mwili mzima. Ukimgusa kidogo anapiga yowe, na aliye karibu naye, asiyeyaona majeraha, hudhani anajifanya.

Wapendwa, kabla ya kuendelea sina budi kukiri kosa langu. Katika miaka ya mwanzo ya upadre wangu, katika parokia nyingine, kijana mmoja wa kiume aliyekuwa na hali kama hii alinipenda na kuniamini. Alinipigia simu saa nane za usiku, nami nilipokea. Aliniambia kwamba mimi peke yangu ndiye ninayemwelewa, nami, Mungu anisamehe, niliyafurahia maneno hayo. Nilimwambia kwamba sala zinatosha na kwamba hana haja ya kuzunguka kwa madaktari. Hali hiyo iliendelea kwa muda wa miezi mitatu. Kisha nikachoka. Pasipo kumwambia neno, nilianza kuzima simu usiku. Majuma mawili baadaye wazazi wake waliniita wodini. Alikuwa hai, tunamshukuru Mungu. Aliponiona aligeuka upande wa ukuta na kusema maneno mawili: "Hata wewe." Sijayasahau. Nilikuwa nimejifanya mwokozi wake, na baadaye nikawa mmoja tena wa wale waliomwacha. Upendo haukunipungukia. Nilichokosa ni unyenyekevu wa kujua kwamba mzigo ule haukuwa wa mtu mmoja.

Tangu wakati huo nimesoma kila nilichoweza juu ya ugonjwa huu, na katika kusoma nilikutana na habari za mwanamke mmoja Mkatoliki, Marsha Linehan. Alizaliwa mwaka 1943 huko Tulsa, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani. Mwaka 1961, akiwa na miaka kumi na saba, alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Hartford na kukaa humo zaidi ya miaka miwili. Alijijeruhi mara nyingi. Alifungiwa peke yake chumbani, alipewa dawa nzito na mishtuko ya umeme, na haya yote hayakumsaidia. Humo ndani alimwekea Mungu nadhiri: akitoka katika jehanamu ile, atarudi kuwatoa wengine. Alitoka, akafanya kazi mchana na kusoma jioni, akaingia Chuo Kikuu cha Loyola cha Wajesuiti huko Chicago. Mwaka 1967, akiwa amepiga magoti katika kikanisa cha nyumba ya mafungo mjini humo, alijisikia amepokewa na kupendwa na Mungu kiasi ambacho kwa mara ya kwanza aliweza kujipenda mwenyewe.

Angaliweza kuishia hapo na kuwaambia wagonjwa wenzake: salini kama nilivyosali, mtapona. Hakufanya hivyo. Alihitimu shahada ya uzamivu katika saikolojia mwaka 1971, na baadaye, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alitafuta njia ambayo hata asiyepata neema ya kikanisa kile angeweza kufundishwa. Alianza na tiba ya tabia, ambayo humfundisha mtu kubadili mienendo yake hatua kwa hatua. Wagonjwa waliikataa. Walisikia kila neno la mabadiliko kama lawama: kumbe wewe nawe unaona mimi ndiye mbaya! Akajaribu upande wa pili, yaani kuwapokea na kuwasikiliza tu bila kudai badiliko lolote. Hilo nalo waliliona kama dharau: ninakufa, nawe unatikisa kichwa! Ndipo akaziunganisha njia mbili zilizodhaniwa kupingana. Mgonjwa apokewe kikamilifu jinsi alivyo leo, na papo hapo asaidiwe kuwa tofauti kesho. Mchanganyiko huo ndio unaoitwa tiba ya tabia ya kidialektiki.

Mkristo hapaswi kuliona jambo hilo kuwa geni. Mkumbukeni yule mwanamke katika sura ya nane ya Injili ya Yohane, aliyeletwa mbele ya Bwana ili apigwe mawe. Yesu hakumhukumu, na hapo hapo alimtuma aende akaanze maisha mapya. Angalimhukumu tu, angalimuua. Angalimwachia tu bila kumwelekeza, angalimwacha palepale alipokuwa. Kumpokea mtu na kumwelekeza vilitoka katika kinywa kimoja, kwa pumzi moja. Kila padre anayeketi kitubioni anajua ugumu wa kuyashika yote mawili.

Tiba hii ya Linehan haina sehemu moja. Mgonjwa hukutana na mtaalamu wake peke yake, kwa kawaida mara moja kwa juma. Huhudhuria pia darasa la kikundi ambamo hufundishwa stadi nne: kutulia na kuutambua wakati uliopo, kuyavumilia maumivu bila kuyaongeza, kuzitawala hisia, na kuishi vizuri na watu. Kati ya mkutano na mkutano anaweza kumpigia mtaalamu simu ili akumbushwe stadi hizo, lakini kwa mipaka iliyoelezwa tangu siku ya kwanza. Niliposoma habari ya mipaka hiyo nilimkumbuka kijana wangu, nikainamisha kichwa. Na sehemu ya nne ni kikao cha wataalamu wenyewe, ambamo husaidiana ili wasichoke wala wasimkinai mgonjwa.

Matokeo ya utafiti wake wa kwanza mkubwa yalichapishwa mwaka 1991. Wanawake waliopata tiba hii kwa mwaka mmoja walijijeruhi mara chache zaidi na kulazwa siku chache zaidi kuliko waliopata huduma za kawaida. Mwaka 2011, akiwa na miaka sitini na minane, Linehan alirudi katika hospitali ile ile ya Hartford na kuwaambia watu hadharani kwamba yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa humo. Nadhiri ilikuwa imetimizwa.

Zipo shule nyingine pia. Huko London, Anthony Bateman na Peter Fonagy walianzisha tiba inayomfundisha mgonjwa kutambua yaliyomo moyoni mwake na moyoni mwa mwenzake kabla ya kutenda. Huko New York, Otto Kernberg alijenga tiba yake juu ya yale yanayotokea kati ya mgonjwa na mganga wake chumbani. Na mwaka 2009 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha jambo lililonigusa sana. Waliwagawa wagonjwa 180 katika makundi mawili: kundi moja lilipata tiba ya Linehan kwa mwaka mzima, na la pili lilipata huduma ya madaktari wa akili iliyopangwa vizuri, yenye mazungumzo ya kila juma na dawa pale zilipohitajika. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao.

Mimi si daktari, lakini naona somo hapa. Ukitazama tiba hizi zinazogombana vitabuni, utaona zinafanana katika mambo yale yale. Mtu hasikilizwi mara moja na kuachwa. Husikilizwa kwa miezi mingi. Anajua ratiba, anajua mipaka, anajua nani afuatwe wakati wa hatari. Na wale wanaomhudumia wanazungumza wao kwa wao. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2009 unasisitiza jambo hilo hilo: timu nzima iwe na msimamo mmoja ulio wazi na mgonjwa mwenyewe aujue, tiba ya mazungumzo isiwe ya muda mfupi usiofika hata miezi mitatu, na dawa zisitumike kama tiba ya ugonjwa huu wenyewe. Dawa zina nafasi yake, hasa pale mgonjwa anapokuwa na sonona au maradhi mengine pamoja nao, na asiyeshauriana na daktari wake asithubutu kuziacha. Lakini ni msaidizi tu.

Sasa turudi kwenye kikapu cha yule mama. Mlikuwemo vidonge, maji, mafuta na unga. Hamkuwemo kile ambacho tafiti zote hizi zinakitaja kwanza: mtu wa kuketi naye kila juma, kwa utaratibu, na kuzungumza. Kila mmoja alimpa binti kitu cha kumeza, cha kupaka au cha kunyunyiza. Hakupewa mtu wa kuandamana naye.

Wahenga walisema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Lakini walisema pia kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Maneno hayo mawili hayapingani. Mafiga matatu hushika chungu kimoja kwa sababu yamepangwa kukizunguka na kila moja limekaa mahali pake. Manahodha wengi huzamisha chombo kwa sababu kila mmoja anauvuta usukani upande wake. Hivyo swali si kama tuchanganye tiba au tusichanganye. Swali ni nani anayezipanga, na je, wanaozitoa wanafahamiana? Kwa mgonjwa huyu swali hilo ni zito kuliko kwa mwingine, kwani ugonjwa wenyewe humfanya awagawe watu kuwa malaika na mashetani. Daktari na padre na mama wasipozungumza, kila mmoja atasikia mabaya ya wenzake, ataamini, na vita vilivyo ndani ya mgonjwa vitahamia kwetu sisi.

Kwa hiyo nilimjibu yule mama hivi. Unga wa mganga uondoke kikapuni, kwa sababu ulikuja pamoja na ramli na sharti la kumtenga mtoto na Kanisa, nasi tunajua Kanisa linafundisha nini juu ya ramli. Vingine vyote vibaki, lakini viwekwe katika mpango mmoja. Figa la kwanza ni daktari. Figa la pili ni tiba ya mazungumzo, kwa mwanasaikolojia au mshauri nasaha aliyefundishwa kazi hiyo. Figa la tatu ni sala, Sakramenti na jumuiya. Na binti mwenyewe asiwe kama nyama iliyomo chunguni. Aketi nasi katika kupanga, akubali, aseme anachokitaka.

Najua kuna maswali mtakayoniuliza, nami nayajibu kwa kifupi.

Wa kwanza atasema: Padre, umesahau mapepo? Sijasahau. Katekisimu yenyewe, katika namba 1673, inataka tuutofautishe ugonjwa na uwepo wa yule mwovu kabla ya kuendesha ibada ya kupunga pepo, na inakumbusha kwamba kutibu magonjwa, hasa ya akili, ni kazi ya sayansi ya tiba. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, inamkataza mtu yeyote kumpunga pepo mwenye kupagawa bila ruhusa maalumu ya Askofu, na ruhusa hiyo hupewa padre tu. Kumshika binti anayetetemeka kwa hofu ya kuachwa, kumpigia kelele usiku kucha, na kumwambia kwamba kilichomo ndani yake ni shetani, ni kulithibitisha lile neno baya ambalo tayari analiamini juu yake mwenyewe. Nawaomba ndugu zetu wa vikundi vya maombi, ambao najua mnawapenda wagonjwa kweli: msiwaambie waache dawa. Sala yenu haihitaji kushindana na kidonge.

Wa pili, aliyesoma, atasema: hizo stadi za kutulia zimetoka katika Zen ya Wabuddha, je, tunawapeleka watoto wetu katika dini nyingine? Swali hili ni la haki. Ni kweli kwamba Linehan alijifunza Zen, na mmoja wa walimu wake alikuwa mmonaki Mbenediktini wa Ujerumani, Willigis Jäger, ambaye mwaka 2002 Roma ilimzuia kuendelea na shughuli za hadharani kwa sababu ya mafundisho yake. Nisingependa mtu yeyote achukue teolojia kutoka huko. Lakini barua ya Idara ya Mafundisho ya Imani ya mwaka 1989 kuhusu tafakari ya Kikristo haikukataa kila mbinu iliyotoka nje. Ilitutahadharisha tusichanganye utulivu wa mwili na faraja ya Roho Mtakatifu. Kumfundisha mtu ahesabu pumzi zake mpaka hasira ipungue si kumbatiza upya. Ni kumsaidia asijiumize kwa dakika kumi zijazo. Akishatulia, aweza kusali.

Wa tatu atasema kwa uchungu: Padre, wataalamu hao tutawapata wapi? Hili ndilo gumu zaidi. Ni kweli kwamba wataalamu ni wachache, na wengi wako mijini. Lakini ile habari ya Toronto inanipa tumaini, kwa kuwa inaonyesha kwamba huduma iliyopangwa vizuri na kutolewa kwa uaminifu yaweza kufanya kazi pamoja na ile yenye jina kubwa. Tena mwaka 2015 Linehan na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 99, wakizipima sehemu za tiba yao zikiwa zimetenganishwa. Waliofundishwa stadi kwa utaratibu walipata nafuu zaidi katika kujijeruhi kuliko wale ambao sehemu hiyo iliondolewa. Maana yake ni kwamba darasa la stadi ni jambo la thamani, na darasa ni kitu ambacho hospitali zetu na vituo vyetu vya ushauri vinaweza kuandaa, vikiwa na watu waliofundishwa. Kanisa lililojenga zahanati na shule laweza pia kuwasomesha washauri.

Parokia haiwezi kutibu ugonjwa huu, wala isijidanganye. Lakini yako mambo tunayoweza kuyafanya kuanzia Jumapili hii. Tuache maneno msumbufu, mwigizaji, kiburi. Ukimwahidi mgonjwa saa moja, mpe saa hiyo. Ukiwa huna saa, usimwahidi. Ukihitaji kupumzika, mwambie utarudi lini, kisha urudi. Mzigo wa kumsikiliza wagawane watu wawili au watatu wa jumuiya ndogo ndogo, wanaojuana na wanaozungumza. Kwa upande wangu, nipo tayari kuketi na daktari na familia pale mgonjwa anapoomba. Ila fahamuni kwamba yanayosemwa kitubioni hayatoki humo kamwe, si kwa daktari wala kwa mama mzazi. Kwa sababu hiyo anayetaka nishiriki katika mpango wake ni vema akazungumze nami ofisini, na Kitubio kibaki Kitubio.

Na mtu akisema kwamba anataka kufa, tusimwambie kwamba anatutisha. Tumwamini, tusimwache peke yake, tuondoe karibu naye vyote anavyoweza kujidhuru navyo, tumfikishe hospitali. Kwa familia ambazo msaada haukuwahi kufika, nawakumbusha kwamba Katekisimu, katika namba 2282 na 2283, inatambua kuwa matatizo mazito ya nafsi hupunguza uwajibikaji wa mtu, nayo inatutaka tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Kanisa linawaombea. Nami ninawaombea kila Novemba, kwa majina yao.

Lakini tusizungumze juu ya kifo tu, kwa maana ukweli wa ugonjwa huu una upande wa furaha usiojulikana na wengi. Daktari Mary Zanarini na wenzake, karibu na Boston, waliwafuatilia wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, baada ya miaka kumi, asilimia 93 walikuwa wamepata nafuu ya dalili iliyodumu walau miaka miwili, na nusu yao walikuwa wamefika mbali zaidi: wana kazi au masomo, na wana watu wa karibu wanaodumu nao.  Nusu ya pili inatukumbusha kwamba dalili kupungua si sawa na kupata maisha, na maisha hayo, yaani kazi, marafiki na mahali pa kuketi kanisani, hayatolewi na hospitali. Yanatolewa na sisi.

Nimalizie na nabii Eliya. Katika sura ya kumi na tisa ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme tunamkuta chini ya mti jangwani, akimwomba Mungu amtoe uhai. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Ndipo akamtembeza siku arobaini, akamwuliza mara mbili anafanya nini pale na kumsikiliza mara mbili, akamjia katika sauti ndogo ya upole, akampa kazi ya kufanya, na mwishowe akampa Elisha awe mwenzake. Usingizi, chakula, safari, mazungumzo, sala, kazi na mwenzi: Mungu mwenyewe hakutumia dawa moja. Lakini vyote vilitoka katika mkono mmoja uliojua unakompeleka.

Juma hili yule mama, binti yake, daktari na mimi tumeahidiana kuketi pamoja kwa mara ya kwanza. Kikundi cha maombi nacho kimekubali kutuma mtu mmoja. Sijui tutafika wapi. Binti ameniuliza kama nitachoka. Nimemjibu kwamba ndiyo, nitachoka, na ndiyo maana safari hii hatutakuwa wawili tu. Na nikichoka nitamwambia, na siku ya kurudi nitaitaja. Amenitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Sawa, Baba. Tuone."

Nawaomba sala zenu kwa ajili yake, kwa ajili ya mama yake, na kwa ajili yangu.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu